Siku 150 za ashwagandha

Jumapili iliyopita, nimemaliza swala ya isha na kanga bado i kichwani, mdogo wangu alinipigia simu ya video kutoka Minneapolis, Marekani. Kwetu Lamu ilikuwa saa mbili na kitu usiku. Kwake ndiyo kwanza saa sita mchana. Hata salamu hakunipa. Aliielekeza simu moja kwa moja kwenye sinki la jikoni, na mle ndani, katika maji yaliyochafuka udongo mweusi, palikuwa na mizizi. Akautoa mmoja, akausugua kwa kidole mpaka ngozi yake ikatoka rangi ya siagi, akausogeza karibu na kamera.

"Dada, tazama huu. Tazama unene wake."

Ulikuwa mnene kama kidole gumba cha mwanamume. Nilitaka kumpongeza, maneno yakanikwama. Miaka mitatu tumekuwa tukiutafuta mzizi huo, yeye huko kwenye theluji na mimi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, juu ya dari ya nyumba ya mama yetu. Ndiyo maana nimekaa kuandika leo, kabla sijasahau hata moja, kwa yeyote mwenye ndugu katika nchi za baridi anayetaka kuotesha ashwagandha, mmea ambao mzizi wake ni dawa, akaambiwa haiwezekani. Inawezekana. Lakini inataka hesabu, na hesabu yenyewe si ile tuliyoanza nayo sisi.

Ashwagandha ni jamaa wa biringanya, nyanya, pilipili na mnavu. Ukiuona mche wake ukiwa bado mdogo utadhani ni mnavu uliopauka: majani ya kijani kilichofifia, yenye manyoya laini yanayoonekana ukiyaelekeza kwenye jua. Maua ni madogo, manjano yenye ukijani, wala hayapendezi kwa mbali. Ua likishapita, hujitokeza kifuko chembamba kama karatasi ya sigara, na ndani ya kifuko ndimo tunda linamoivia, jekundu, dogo kuliko punje ya mbaazi. Jina lake la kitaalamu ni Withania somnifera, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake chenye kuleta usingizi. Jina tunalolitumia sote ni la Kisanskriti: ashva ni farasi, gandha ni harufu.

Harufu hiyo nilifunzwa na ami yangu, aliyeuza mitishamba karibu na soko, pale ubavuni mwa Ngome, tangu mimi msichana. Nilipomuuliza mbona dawa ipewe jina la farasi, alichukua mzizi mkavu, akaniambia nifumbe macho, akauvunja mbele ya pua yangu. Farasi Lamu hatuna, lakini punda tumelala nao mlango mmoja. Nikamwambia: hili ni gunia la mgongoni kwa punda aliyetoka kubeba mchanga, jasho limemkaukia. Ami akacheka, akasema basi nimeujua, sitadanganywa tena na unga wa mtu. Na kweli, mpaka leo nikipewa unga wa ashwagandha kitu cha kwanza ni pua. Usionuka kabisa, mimi siuamini.

Ami alinieleza pia kwamba mzigo mwingi hutoka India, jimbo la Madhya Pradesh, wilaya za Neemuch na Mandsaur, ambako mizizi iliyokauka huuzwa sokoni kwa magunia kama sisi tunavyouza nazi kavu. Ila mmea wenyewe si wa India peke yake. Unaota bila kupandwa na mtu katika sehemu kame za Afrika, Kenya ikiwemo. Laiti ningelishika neno hilo mapema, kwani ndani yake mna tabia yote ya mmea huu: ni mtoto wa ardhi kavu, wa jua, wa mchanga.

Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Anaingia jioni, anatoka alfajiri, na usingizi wa mchana haumkai. Mwenzake kazini alimpa kopo la vidonge vya ashwagandha, akanipigia simu kuniuliza kama ndiyo ile dawa ya ami. Nilimwambia ndiyo, lakini amuulize daktari wake kwanza. Daktari alimuuliza dawa anazotumia, hana, mimba, hana, akamwambia anaweza kujaribu kwa kipimo kidogo, na akiona ngozi au macho yanageuka manjano, au mwasho usioeleweka, aache na aende hospitali siku hiyo hiyo. Kisha mdogo wangu akasema neno lililotuingiza katika safari hii: "Dada, kopo hili ni dola nyingi kila mwezi, na nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi kimekaa bure. Kwa nini nisipande?"

Hapa niseme jambo langu mwenyewe. Mimi siinywi ashwagandha. Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, kila asubuhi nameza kidonge cha kuiongezea nguvu, na mmea huu unaweza kupandisha homoni za tezi hiyo hiyo. Daktari alinikataza waziwazi. Kwa hiyo miaka hii mitatu nimelima kitu nisichokinywa, na nimekipenda hivyo hivyo. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote. Ili umfurahie mtoto akifaulu, si lazima awe wako.

Tulianza pamoja, kila mtu kwake. Mbegu hatukutumiana. Watu wengi hufikiri mbegu kidogo ndani ya bahasha si kitu, lakini mbegu hazivuki mpaka hivi hivi. Zinataka cheti cha afya ya mimea, kwetu Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na nchi inayopokea nayo ina masharti yake. Yeye alinunua za huko, mimi nikapata matunda makavu kwa ami.

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo mkulima yeyote wa Lamu angelifanya. Nilipanda na masika. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza nikasema alhamdulillahi, maji ya bure, nikajaza udongo katika ndoo saba za rangi, nikachanganya na mavi ya punda kwa ukarimu, nikamwaga mbegu. Ziliota vizuri mno. Kufika mwisho wa mwezi wa tano, miche ilikuwa na majani mapana ya kujisifu nayo, kisha mmoja ukalala. Kesho yake wa pili. Nikausukuma ule wa kwanza kwa kidole, ukakatika shingoni kama uzi uliooza, na chini hapakuwa na mzizi, palikuwa na ute wa kahawia. Mama yangu, ambaye wakati huo bado alikuwa akipanda ngazi mpaka juu ya dari, alizitazama ndoo, akasema kwa Kiamu chake: "Mai, mwanangu. Mai ndiyo yauao." Maji ndiyo yanayoua.

Ilibidi nirudi kwa ami, na yeye akanikumbusha ninachokijua. Kule Neemuch hawapandi mvua zinapoanza. Wanapanda zinapokaribia kwisha, ili mche ushike kwa unyevu uliobaki kisha mzizi unone katika miezi mikavu. Nami nikaigeuza kalenda yangu. Siku hizi napanda mwisho wa mwezi wa saba, kusi bado inavuma na vumbi limeanza kurudi, na navuna mwezi wa kwanza, kaskazi imetulia na mchanga wa ndoo ni mkavu kama unga. Udongo wangu sasa ni sehemu mbili mchanga, si wa pwani wenye chumvi bali wa shamba, sehemu moja udongo wa chini ya mwembe, na mavi ya punda yaliyokaa mwaka mzima, konzi moja tu kwa ndoo. Mbolea nyingi hukupa majani, na hapa tunachotaka kiko chini. Kisima cha uani kwetu nacho nimekiacha, maji yake yana chumvi chumvi na miche michanga ilikuwa ikiungua ncha za majani. Natumia ya mfereji, na namwagia pale tu kidole changu kikizama mpaka kiungo cha pili bila kukuta unyevu. Kidole hicho nimekihubiri kwa mdogo wangu mpaka akachoka nami.

Kule Minneapolis mambo yalikuwa kinyume. Mdogo wangu aliamini, nami niliamini naye, kwamba adui yake ni baridi. Basi akangoja baridi iishe kabisa. Mwaka wa kwanza alisia mbegu moja kwa moja ardhini tarehe 28 Mei, watu wameshavaa mikono mifupi. Ziliota polepole, zikakua, zikatoa maua mwezi wa nane. Tarehe 3 Oktoba ikapiga sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani usiku, na asubuhi mimea yote ilikuwa myeusi kama iliyopitiwa na moto. Alipochimba alikuta mizizi myembamba kama mirija ya soda. Ilitosha chai ya siku nne.

Alilia kwenye simu, na mimi nilikuwa sina la kumwambia. Usiku ule nikachukua kalenda ya ukutani, ile wanayotoa madukani mwisho wa mwaka, nikahesabu. Mei 28 mpaka Oktoba 3 ni siku 128. Ashwagandha, kwa wanaoilima kazi, huvunwa baada ya siku 150 mpaka 180 tangu kusia. Kumbe joto la kiangazi chao linatosha kabisa! Kisichotosha ni siku. Mmea ulikuwa njiani, haukufika. Baridi haikuuonea, ilikuja siku yake, ni sisi tuliochelewa kuondoka.

Nimewaona watu wengi wa nchi za baridi wakishindana na mmea huu kwa kutafuta mbegu ya ajabu, au dawa ya majani, au mbolea ya chupa. Mimi nasema acha vyote hivyo, chukua kalenda. Tafuta tarehe ambayo kwenu sakitu ya kwanza ya vuli huja, kisha hesabu kwenda nyuma. Ukipata siku 180 uko salama, ukipata 200 ni bora, kwa kuwa wiki za mwanzo na za mwisho ni za ubaridi na mmea hauendi mwendo wake. Na hizo siku zinazokosekana utazipata mahali pamoja tu: ndani ya nyumba, kabla theluji haijayeyuka.

Mwaka wa pili akasia ndani mapema, na akakosea upya, maana ndani ya nyumba nako kuna elimu yake. Aliziweka trei dirishani. Dirisha la mwezi wa tatu kule lina mwanga mchache na kioo chake usiku ni barafu. Miche ikarefuka ikitafuta jua, myembamba kama njiti za kiberiti, ikaanguka. Kwa huruma akawa anaimwagia maji kila siku, ikaoza shingo kama ile yangu ya masika. Iliyosalia sita aliitoa nje tarehe 3 Mei, wiki moja yenye joto la kuhadaa, na usiku wa nne baridi ikaiua yote. Huo mwaka hakuvuna hata mzizi mmoja.

Mwaka huu ndio nataka kuueleza taratibu.

Tarehe 5 Machi alisia. Mbegu za ashwagandha ni bapa, zimejipinda kama figo, rangi ya manjano ya mchanga, na ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Hazitaki kuzikwa. Alizitandaza juu ya udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, akazibonyeza kwa kiganja, akazinyunyizia udongo mwembamba wa kuzizuia tu zisiruke, kwani mwanga huzisaidia kuamka. Chini ya trei akaweka mkeka mdogo wa umeme wa kupasha joto, udongo ukakaa nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Juu akaning'iniza taa za kuoteshea miche, kimo cha shubiri moja, akaziwasha saa 14 kwa siku. Kwa kumwagia, aliweka maji katika sinia chini ya trei, udongo ukanywa kutoka chini, kisha akamwaga yaliyobaki. Siku ya tisa aliniamsha usiku kwa picha ya kijani kimoja. Siku ya 16 ilikuwa imeota 22.

Miche ilipopata majani manne ya kweli aliihamisha kila mmoja katika kikopo chake, akakiweka karibu na feni ndogo. Hiyo feni lilikuwa wazo langu na ninaliona ni zuri. Miche yangu ya juu ya dari hupigwa na upepo wa kusi tangu siku ya kwanza na shina lake huwa gumu. Ya kwake ilikuwa inalelewa katika chumba kisicho na pumzi. Wiki mbili na feni, mashina yakanenepa.

Kisha kuvumilia, na hapo ndipo nilipopata kazi. Mwisho wa Aprili jua likatoka, majirani zake wakaanza kupanda mboga, naye mkono unamwasha. Kila siku nilimwandikia: bado. Mmea huu usitolewe nje mpaka usiku wenyewe ubaki juu ya nyuzi 10, na si usiku mmoja, ni usiku baada ya usiku. Kuanzia Mei 15 akawa anaitoa miche kivulini kwa muda wa saa mbili, kesho yake kwa saa tatu, kisha jua la asubuhi, mpaka ikazoea. Huko bustanini alikuwa ametandika nailoni nyeusi juu ya tuta wiki tatu kabla, jua likaupasha udongo. Udongo wa jimbo lao, Minnesota, ni mweusi na mzito, una rutuba ya kutisha. Kwa mahindi ni neema, kwa ashwagandha ni shibe ya kupita kiasi. Akaliinua tuta kimo cha mkono, akachanganya mchanga magunia matatu, mbolea hakutia hata chembe. Tarehe 25 Mei akapanda miche 12, kila mmoja umbali wa futi moja na nusu na mwenzake.

Tazama sasa hesabu. Machi 5 mpaka Mei 25 ni siku 81 ndani ya nyumba. Mei 25 mpaka mwanzo wa Oktoba ni zaidi ya siku 130. Jumla inapita 210.

Na kuna jambo ambalo sisi wa huku hatulifikirii. Lamu iko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, siku zetu ni saa 12 mwaka mzima, jua likituaga magharibi halibembelezi. Minneapolis iko digrii 45 kaskazini. Mwezi wa sita mdogo wangu alinitumia picha ya saa tatu usiku ya kwao, na jua bado limegusa vichwa vya mimea. Mchana wa zaidi ya saa 15! Mimea yake ilifika kiunoni mwezi wa nane wakati yangu hapa haijawahi kupita goti. Kwa hiyo nchi ya baridi inakunyima siku, lakini kila siku inayokupa ni ndefu. Tangu niione picha ile nimeacha kumwonea huruma.

Mwezi wa saba waligonga hodi wadudu. Ni yule mdudu wa viazi wa Marekani, mgongo wake manjano na mistari myeusi kumi, na watoto wake ni wekundu wa kutu, wanene, wenye madoa meusi ubavuni. Wao wanajua vizuri kuliko sisi kwamba ashwagandha ni ukoo mmoja na kiazi. Alikuta majani ya mche wa pembeni yamebaki mishipa tu. Dawa ya sumu hatukutaka, mzizi huu unakwenda kunywewa. Kila asubuhi akitoka kazini, kabla ya kulala, alipita na kikombe cha maji ya sabuni, akigeuza jani moja moja, akiwatumbukiza humo, na yale mayai ya rangi ya chungwa yaliyopangwa upande wa chini akiyaponda kwa kidole. Wiki tatu. Aliniambia kwamba hizo dakika 20 za kugeuza majani zilimtuliza kuliko vidonge vya lile kopo, na mimi naliandika alivyolisema, bila kuongeza.

Kuhusu maji, tangu mwisho wa Juni hakuumwagia tena ila mara mbili, wiki za ukame. Mvua ya kwao ilitosha na kuzidi, na ndiyo maana tuta lililoinuka lilikuwa na faida kubwa.

Siku ya kuvuna tuligombana kidogo. Matunda yalikuwa yameanza kuwa mekundu, majani ya chini yamegeuka manjano, naye akaogopa sakitu, akitaka kuchimba mapema. Mimi nilisema ngoja. Sakitu inaua majani, mzizi uko chini ya ardhi na ardhi haigandi kwa usiku mmoja. Hizo siku za mwisho, jani linapofifia, ndizo mzizi unazojazia. Tulikubaliana: achume matunda yaliyoiva kwa ajili ya mbegu, mimea aiache mpaka baridi ya kwanza iiguse. Iligusa usiku wa kuamkia Ijumaa. Jumapili asubuhi akaingia na uma wa bustani, akachomeka mbali na shina, akanyanyua tuta kutoka chini badala ya kuvuta mmea, maana ukivuta, mzizi mkuu hukatika na nusu yake hubaki ardhini. Mmoja ulikatika hata hivyo. Akaunusa pale palipokatika, akaniambia: "Dada, ni gunia la punda." Hajafika Lamu miaka tisa.

Mimea 12, kumi ilifika. Mizizi mibichi ilikuwa gramu 460. Ameikatakata vipande vya urefu wa kidole, minene ameipasua kati, na ameitandaza juu ya wavu karibu na mashine ya kupashia nyumba joto, ambako hewa ni kavu sana. Kwake nadhani itachukua siku nane. Kipande kikiwa tayari hakipindi, kinavunjika kwa mlio. Mimi hapa hukausha juu ya chano chini ya makuti, na shida yangu ni unyevu wa bahari: mchana mizizi inakauka, usiku inarudi kunywa hewa ya chumvi. Kwa hiyo magharibi huiingiza ndani na kuifunika, asubuhi huitoa. Aliyeacha nje akakuta ukungu wa kijani aitupe yote, asichague.

Kuna neno lazima niliseme kabla sijafunga, na naomba lisirukwe. Mwezi wa nane alikuja binti wa jirani, amesikia juu ya dari kwangu kuna dawa ya usingizi. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na hapati usingizi kabisa. Nilimkalisha, nikampa chai ya maziwa, na ashwagandha sikumpa. Mwenye mimba asiiguse. Mwenye ugonjwa wa tezi au ini asiiguse bila daktari, wala mtu anayemeza dawa za usingizi au za kutuliza mawazo. Kumeripotiwa watu walioumia ini kwa kuitumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Sisemi haya kuwatisha. Nimelelewa na muuza mitishamba na ninaziheshimu dawa za miti, na ami mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwarudisha wateja mikono mitupu akiona hali zao haziruhusu. Yale matunda mekundu nayo yanavutia watoto; si ya kula, na ndoo zangu nimezitoa penye ngazi kwa sababu ya wajukuu wa dada yangu mkubwa.

Yule binti nilimpeleka mwenyewe kliniki asubuhi yake.

Ile mimea miwili iliyobaki Minneapolis haikuvunwa. Mdogo wangu aliihamishia katika vyungu virefu mwezi wa tisa na sasa imo ndani, karibu na dirisha la kusini, kwa kuwa mmea huu usipouawa na sakitu huishi zaidi ya mwaka. Mzizi wa mwaka wa pili huwa mkubwa lakini wenye ugumu wa kuni, kwa hiyo hatuungojei sana. Tunataka kuona kama utatoa matunda mapema. Mbegu za mavuno haya ameziosha utelezi wake katika chujio la chai na kuzianika juu ya sahani. Nami zangu za mwezi wa kwanza uliopita ndizo zilizo ndooni sasa hivi, wiki ya kumi, upepo wa matlai unavuma na majani yanapeperuka kama masikio ya mbuzi. Kwenye kalenda ya jikoni nimeshaandika tarehe mbili: Januari 20, kuchimba, Langoni. Machi 5, kusia, kwake.

Jana alinitumia picha ya vile vyungu viwili vya dirishani. Nje theluji bado, lakini miti imeanza kupukutika, na majani matatu ya ashwagandha yameinama. Akaniuliza aumwagie maji.

Nikamwambia tia kidole kwanza.